Waliohamia London kikazi: miezi ya kwanza mliivukaje? Tupeane uzoefu

Mgeni_wa_Oktoba
Wakuu, habari za majukumu. Huu ni mwezi wangu wa tatu London, kampuni ilinihamishia huku kutoka Dar. Kazi yenyewe naimudu, kinachonielemea ni maisha ya nje ya kazi. Nilipofika tu nilikwama: benki inataka barua yenye anwani yangu, mwenye nyumba naye anataka kodi itoke kwenye akaunti ya benki ya huku. Wiki mbili nazunguka hapo hapo. Kilichonitoa ni barua ya afisa utumishi iliyotaja nyumba ya muda niliyofikia, benki nyingine ikaipokea. Halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zikarudishwa nyuma, na sasa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Naondoka kazini giza, nafika chumbani giza, nikitaka kupiga simu nyumbani wameshalala. Waliotangulia, nisimulieni yaliyowakuta ninyi wenyewe.

MamaPacha
Pole sana mdogo wangu. Hilo giza nalijua. Majira yangu ya kwanza ya baridi nilidhani naumwa, maana Jumamosi nilikuwa nalala hadi mchana na bado naamka nimechoka. Nesi mmoja ndiye aliyeniuliza kuhusu vitamini D. NHS, yaani huduma ya afya ya serikali ya huku, inashauri kila mtu afikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku vuli na baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kufanya hivyo mwaka mzima. Nilianza, na pia nikaacha kula chakula cha mchana kwenye meza yangu ya kazi. Saa sita na nusu nachukua koti natoka, natembea dakika ishirini, mawingu au mvua. Huo ndio mwanga pekee unaoupata siku ya kazi, usiuache upite.

Jingine ni hospitali. Mtoto alipata homa kabla sijajiandikisha kwa GP, yaani daktari wa mtaa. Dada wa mapokezi akanirudisha kwa sababu sina bili yenye jina langu. Nilikaa kituo cha basi nimempakata mtoto, machozi yananitoka. Jioni jirani akanionyesha tovuti ya NHS: kujiandikisha kwa GP hakuhitaji uthibitisho wa anwani wala karatasi za uhamiaji. Kesho yake nilirudi na ukurasa ule nimeuchapisha, nikauweka kaunta. Nikapewa fomu bila neno la pili. Chapisha na wewe, uwe nao.

Fundi_Mitambo
Angalia slipu yako ya mshahara leo hii, kwenye msimbo wa kodi. Mwezi wa kwanza yangu iliandikwa 0T, yaani unakatwa kama vile huna hata ile £12,570 ya mwaka isiyotozwa kodi. Ile fomu ya mfanyakazi mpya sikuwa nimeirudisha, nilidhani ni karatasi tu ya ofisini. Nilipiga simu HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, wakarekebisha, na hela ikarudi kwenye mshahara uliofuata. Mwezi ule mmoja lakini niliuishi kwa kukopa.

Chumba_cha_Juu
Mimi yangu ni nyumba. Dalali aliniambia amana ni miezi miwili, nilipe siku ile ile au anampa mtu mwingine. Mgeni huna pa kulala, unakubali lolote. Bahati nilimpigia mfanyakazi mwenzangu kabla ya kutuma hela. Akaniambia tangu Juni 2019 sheria ya England imeweka kikomo: wiki 5 za kodi kwa nyumba ambayo kodi yake kwa mwaka haifiki £50,000. Na mwenye nyumba ana siku 30 za kuiweka kwenye mfuko rasmi wa kulinda amana. Nikamwandikia dalali barua pepe ya mistari mitatu. Ikashuka hadi wiki 5, na nyumba hakumpa mtu mwingine.

Siku ya kuingia nilipiga picha kila kitu kabla ya kufungua begi: ndani ya oveni, nyuma ya pazia, namba za mita ya umeme na gesi. Kwenye kona ya dirisha la chumbani kulikuwa na ukungu mweusi, nikaweka sarafu pembeni yake ili ukubwa uonekane. Mwaka mmoja baadaye nahama, mwenye nyumba anataka £400 za ukungu ule ule. Mfuko wa amana una usuluhishi wa bure, nikapeleka picha na tarehe zake. Amana yangu ilirudi yote.

Na usiingie kichwa kichwa ukisikia "nyumba ya bei nzuri, tuma kwanza hela ya kuishika, funguo zitakuja kwa posta". Rafiki yangu alilia.

Mpanda_38
Kaka, toka chini ya ardhi. Miezi minne ya kwanza nilipanda Tube tu, treni za chini ya ardhi, London kwangu ikawa majina ya vituo. Nilikuwa napanda treni kutoka Leicester Square hadi Covent Garden, kumbe ni kama mita 260, unatembea dakika nne! Jumamosi moja nilipanda basi namba 38 pale Victoria, nikakaa juu, kiti cha mbele kabisa, hadi mwisho Clapton. Kwa mara ya kwanza nikaona mtaa unavyoshikana na mtaa. Wakati wa kurudi nilishuka Dalston, nikaingia soko la Ridley Road, nikakuta mihogo na ndizi za kupika zimepangwa mezani. Muuzaji akaniuliza, "Unapika leo au kesho?" ili anichagulie zilizoiva sawasawa. Wiki nzima hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu kisichohusu kazi.

Sasa kila Jumamosi niko pale, ananijua.

Mgeni_wa_Oktoba
Nimeangalia slipu. 0T. Asante sana Fundi, Jumatatu asubuhi napiga simu. Mpanda_38, Jumamosi unafika sokoni saa ngapi?

Mpanda_38
Saa nne asubuhi. Nitakusubiri upande wa barabara ya Kingsland, nina koti la kijani.