Mrejesho: maandishi mbadala ya picha za duka la vitenge

Wakuu, nimeleta mrejesho. Niliuliza niandike nini kwenye maandishi mbadala (maelezo yanayosomwa kwa sauti badala ya picha) ya picha za tovuti ya duka la vitenge la Kariakoo, ili mteja asiyeona naye ajue kinachouzwa.

Aliyenishauri niwashe TalkBack, programu ya Android inayosoma skrini kwa sauti, kwenye simu, nifumbe macho nisikilize, ubarikiwe. Picha zisizo na maelezo zilisomwa jina la faili, tarakimu mfululizo kama tokeni ya luku! Sasa pale panasomwa: "Kitenge cha bluu, maua makubwa ya njano, pindo jeusi." Maneno "picha ya" nimeyatoa kote, maana programu yenyewe hutangaza kuwa hii ni picha.

Picha za mapambo nimeziwekea alt="" tupu (alt ni sehemu ya msimbo wa ukurasa inayobeba maandishi mbadala), zinarukwa. Ila msiifute alt yenyewe, jina la faili linaweza kurudi. Alama ya kikapu ni kiungo, kwa hiyo nimeandika "Fungua kikapu", siyo umbo lake.

Ubishi ulikuwa kwenye bango la ofa. Mwenye duka alitaka nijaze "vitenge bei poa Dar vitenge jumla vitenge Kariakoo" eti Google itupandishe. Nikamwekea simu sikioni. Akacheka, akasema, "Toa, kijana, hiyo ni kelele." Bei na tarehe zilizokuwa ndani ya picha ya bango nimezihamishia kwenye ukurasa kama maandishi ya kawaida.

Imebaki chati ya vipimo vya magauni. Hiyo naigeuza jedwali, maelezo ya sentensi moja hayaitoshi.