Mrejesho: Baiolojia kwenye koleji ya jamii, California

Wakuu, niliwauliza kama nianzie baiolojia kwenye koleji ya jamii (community college, chuo cha miaka miwili ya mwanzo) hapa California kisha nihamie chuo kikuu, au nisubiri nafasi ya moja kwa moja. Wengi mlisema anza, ada ni nafuu. Nimeanza.

Aliyenishauri nichungulie tovuti ya ASSIST kabla ya kujisajili, Mungu ambariki. Inaonyesha somo gani la koleji linapokelewa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo, yaani UC (University of California) na CSU (California State University). Kumbe baiolojia ziko mbili: ya wanaotimiza tu masharti ya masomo ya jumla, na ya wanaosomea sayansi yenyewe. Mshauri wa masomo alitaka kuniweka kwenye ile ya kwanza, nikakataa kwa adabu. Kemia nayo lazima iende sambamba, na hiyo ndiyo inayonitoa jasho.

Maabara ni raha tupu. Juzi tulitenganisha vipande vya DNA kwenye jeli: unadondosha sampuli yenye rangi ya bluu kwenye vishimo, unawasha umeme, na DNA, kwa kuwa ina chaji hasi, inakimbilia upande wa chanya. Vipande vidogo vinatangulia. Mkono ukitetemeka, unaitoboa jeli. Sekondari niliyaona haya kitabuni tu.

Mliouliza kuhusu TAG, ile dhamana ya nafasi UC kwa wanaotoka koleji: ipo, ila kampasi za UC za Berkeley, Los Angeles na San Diego hazimo. Mimi nalenga Davis.