Mume wangu amekuwa diwani, sasa naambiwa niache mitumba: naomba ushauri

Mwalimu wa Isevya
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, mama wa watoto wanne, na kwa muda wote wa ndoa yetu nimeivisha familia nzima kwa mitumba, kuanzia sweta za watoto za kipupwe hadi makoti ambayo mume wangu huyavaa vikaoni. Tangu achaguliwe kuwa diwani, jambo hili limegeuka kesi. Mke wa mheshimiwa mwenzake alinikuta mnadani nimeinamia lundo, nikipekua magauni ya shilingi elfu moja. Akanisalimia kwa adabu zote, na kufikia jioni mume wangu alikwishaambiwa kwamba ninawadhalilisha viongozi. Yeye hajanikataza waziwazi, ila anapendekeza nimtume binti wa kazi, au ninunue dukani hata kama ni kwa kukopa.

Kinachonitatiza zaidi ni siasa yenyewe. Mume wangu anapohutubia husema kwamba wakulima wa pamba wa Igunga na Nzega wanastahili kuona zao lao likishonwa nguo humu humu nchini, nami nakubaliana naye kabisa, lakini anayasema hayo akiwa ndani ya koti la mtumba. Je, niache, niendelee waziwazi, au niende kwa kificho? Naomba hoja, vijembe vya vyama tuviweke kando.

Mzee wa Stesheni
Mwanangu Mwalimu, aibu hiyo imebadilika sura mara kadhaa. Sisi tulioishi mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera, tunakumbuka maduka ya serikali ya RTC yenye rafu tupu na foleni za kugombania khanga. Nguo kuukuu za ng'ambo tuliziita kafa ulaya, na aliyezivaa alionekana ama fukara wa kuhurumiwa, ama mtu aliyeipa kisogo siasa ya kujitegemea. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na zaidi Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, mitumba ikaenea hadi huku kwetu, na baadhi ya waliokuwa wakituhubiria Azimio la Arusha walikuwa wa kwanza kuchagua suruali. Wakati huo sikumsikia mtu akisema kwamba chama kimedhalilishwa.

Mama Mstahiki
Sikubaliani na mzee wangu. Uongozi una taswira yake, na hao hao wapiga kura ndio watakaosema, "Diwani gani huyu ambaye mkewe anagombania blauzi na sisi?" Si haki, lakini ndivyo watu walivyo. Nunua kitambaa, mpelekee fundi cherehani, na hakuna atakayekusema.

Mtu wa Ujiji
Shemeji, hoja ya pamba ni nzito, ila tusimtwike mama mmoja anayevisha watoto wanne kwa mshahara wa ualimu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliafikiana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo hizo wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya AGOA, yaani kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoshikilia ushuru wake ikaondolewa nafuu hiyo kwa upande wa nguo mwaka 2018. Mambo yaliyowashinda marais hayatamalizwa na wewe kukwepa mnada.

Tena ukiingia dukani, shati utakalolikuta kwa kawaida ni la China, kwa sababu sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa ikiwa imechambuliwa tu. Hata vitenge tunavyovivalia harusini huku Kigoma kwa kujivunia Uafrika, vingi vimetoka huko huko. Baraza la madiwani halipangi ushuru wa forodha, lakini paa la soko, mifereji na ushuru wa meza ni mambo yake. Huko ndiko mheshimiwa anakoweza kupimwa.

Mfungua Belo
Mama, mimi ni muuzaji, na nakuhakikishia kwamba wake wa wakubwa ni wateja wangu wazuri, isipokuwa hawaonekani. Nikifungua belo alfajiri, nguo za gredi ya kwanza hazifiki lundoni: ninazipiga picha, ninazituma kwa WhatsApp, kisha ninazipiga pasi na kuzipeleka maofisini. Nyingine huchukuliwa na wenye maduka, wanaozitundika kwenye henga na kuziuza kwa bei ya nguo mpya. Lundo mnalochekwa nalo ni mabaki yaliyosalia baada ya wenye nafasi kuchagua. Belo lenyewe nalinunua likiwa limefungwa, na nikikuta limejaa makoti ya theluji, hasara ni yangu peke yangu. Majina ya wateja wangu sitayataja hapa, lakini anayekusema na achunguze kwanza kabati lake.

Mwalimu wa Isevya
Nawashukuru nyote. Dada Mama Mstahiki, kwa fundi naenda sana, tena magauni mengi ya mnadani yeye ndiye anayeyapunguza yakae vizuri, kwa hiyo naye anapata riziki yake humo humo. Kukopa dukani kwa ajili ya macho ya watu sitaweza, na kumtuma binti wa kazi nimekataa kabisa, kwani kama kuinamia lundo ni aibu kwangu, sioni kwa nini iwe halali kwake.

Jana usiku nilimsomea mume wangu majibu yenu. Nilipofika kwenye maneno ya Mtu wa Ujiji alinyamaza kidogo, kisha akauliza hali ya soko ikoje, nami nikamweleza kuhusu mfereji ulioziba nyuma ya meza za viatu, ambao kila masika huwalazimu wauzaji kupandisha mizigo juu ya mawe. Amekubali kwenda nami Jumamosi akauone, kwa sharti kwamba asipigwe picha.