Klorini ya ziwani: gumzo la avenyu yetu, Kyeshero, Goma

Espoir: Jambo wazazi, jambo vijana wenzangu. Asubuhi nilishuka ziwani kuchota. Pale pa kutia klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, hapana mtu tena, meza imebaki peke yake. Watoto wanajaza bidoni na kupanda nazo nyumbani vilevile. Kwenye avenyu hii tuko vijana wengi tuliomaliza masomo na hatuna kazi. Naomba ile kazi tuishike sisi.

Mama Neema: Mungu akubariki mwanangu. Mdogo wake Neema ametoka kuhara juzi tu.

Papa Bahati: Hiyo ni kazi ya serikali na ya Regideso, shirika lake la maji. Mkiifanya bure, bomba ndiyo tumelisahau.

Aline: Kwa heshima, Papa Bahati: tukingoja bomba, leo watoto wanakunywa nini? Tuanze, na bado tudai. Wale wa LUCHA, harakati ya vijana ya kudai haki, walianza hapahapa Goma mwaka 2012, vijana kama sisi, na maji yalikuwa kati ya mambo ya kwanza waliyodai.

Papa Bahati: Na wengi wao walifungwa, Aline. Mimi ni mzazi, lazima niseme.

Aline: Ndiyo, Papa. Ndiyo maana tutapitia kwa shefu wa avenyu na kituo cha afya kwanza, kila mtu ajue tunafanya nini.

Koko Mateso: Wajukuu, mwezi wa saba 1994 nilikuwa hapa. Kipindupindu kiliua wakimbizi maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache. Mawe haya ya volkano, hata kaburi halikuchimbika. Yeyote anayetaka kulinda maji, msimzuie.

Papa Bahati: Koko, simzuii mtu. Lakini mwaka jana vijana walikusanya franga za takataka. Mwezi haukuisha, kazi ikafa, na franga hatukuelezwa. Sasa nani atazishika?

Espoir: Swali ni la haki. Vijana hatutashika hata franga moja. Kama kuna mchango, washike mamama wa likelemba, wale wanaochangiana franga kwa zamu, wao hesabu yao tunaijua. Sisi tutashika daftari: bidoni ngapi zimetiwa dawa, nani alikuwa zamu, nani hakuja. Kila Jumamosi tunalisoma hapa kwenye kikundi.

Dada Riziki (muuguzi): Nimesoma yote. Vijana, nafurahi sana, lakini msinunue klorini sokoni mkaanza kukadiria kwa macho. Dawa inachanganywa na kupimwa kituoni, ndipo tunajua sindano ivute kiasi gani kwa bidoni ya litre 20. Mvua ikinyesha na maji yakawa na tope, kipimo kinabadilika, mtuulize. Mtu angoje nusu saa kabla ya kunywa. Bidoni yenye utelezi ndani ioshwe kwanza kwa changarawe na sabuni, la sivyo dawa inaishia kwenye uchafu ule. Wengine watakataa kwa ajili ya harufu: elezeni kwa upole, wala msimnyang'anye mtu bidoni yake. Kesho nitaongea na mkubwa wangu juu ya kuwafundisha.

Mama Neema: Na wale wa chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma, wanaouza maji? Wana haraka, hawasimami.

Espoir: Tuanze na hao, mama. Chukudu moja inabeba maji ya nyumba nyingi. Ninyi wanunuzi mkiwauliza kila siku "yametiwa dawa?", watasimama.

Mama Neema: Hilo niachie. Nitawaambia mamama wote wa sokoni.

Aline: Daftari lina kazi nyingine pia. Baada ya muda tutalipeleka kwenye zone ya afya na Regideso, pamoja na barua yenye sahihi za kila nyumba. Mwaka 2021 lava ilipokata mabomba, kila mtu alilalamika peke yake. Safari hii tuende na hesabu mkononi, tuulize bomba la avenyu hii linafika lini.

Papa Bahati: Hiyo barua nitaitia sahihi. Na nina parasoli ya zamani, mje muichukue. Wasichana wasipangwe zamu ya alfajiri peke yao.

Aline: Aksanti sana Papa. Zamu zote ni watu wawili wawili. Jumatatu hadi Jumamosi imejaa. Nani anachukua Jumapili?

Junior: Mimi na Espoir. Lakini nitaomba tuanze nikitoka misa ya kwanza.

Dada Riziki (muuguzi): Junior, watu wanachota kabla ya misa. Nenda misa ya pili.

Junior: Sawa dada. Ya pili.