Je, Usita wa Mui uezekwe?

Muuza Vitambaa, Langoni
Waungwana, asalaam aleikum. Kila masika wanunuzi hujibanza madakani wakingoja mvua ipite, kisha hurudi makwao bila kununua. Baadhi ya wafanyabiashara wenzangu wanapendekeza sehemu ya Usita wa Mui, njia kuu ya maduka ya mji wetu wa Lamu, iezekwe kwa vyuma na vioo, kama zilivyo njia za maduka za Ulaya. Je, jambo hili litatufaa?

Maalim wa Shela
Njia zile zilikuwa na sababu zake. Passage des Panoramas ilipofunguliwa Paris yapata mwaka 1800, barabara nyingi za mji ule zilikuwa za matope, hazina pembezo za waendao kwa miguu, na magari ya farasi yaliwarushia wapitao uchafu. Aliyeingia chini ya paa aliweza kutembea taratibu huku akitazama bidhaa. Baadaye barabara zilipopanuliwa na maduka makubwa yakaenea, njia nyingi za aina hiyo zilififia. Usita wetu hauna magari. Tunayempisha njia ni punda, naye hatazuiwa na kioo.

Bi wa Mkomani
Mimi nauliza ufunguo atashika nani. Burlington Arcade ya London, iliyofunguliwa mwaka 1819, ina malango, walinzi wake wenyewe na kanuni zinazokataza hata kupiga mluzi. Galleria Vittorio Emanuele II ya Milan, ya mwaka 1867, ni tofauti: inaunganisha uwanja wa kanisa kuu na ule wa jumba la opera la La Scala, kwa hiyo hupitwa pia na wasio na haja ya kununua. Hapa kwetu mzee hukaa barazani tangu alasiri hadi magharibi bila kununua hata sindano, wala hapana wa kumwondoa. Paa likija na mlinzi, sitaki.

Fundi Chokaa
Bi amesema kweli, nami naongeza la joto. Kuta ndefu na wikio, vile vyumba vinavyovuka njia kutoka nyumba hadi nyumba, hutupa kivuli na kuuacha upepo upite, ilhali kioo kwenye jua la Lamu kitawaoka watu. Tena mji huu ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, hivyo hapaezekwi kitu kabla ya kuzungumza na watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Bwana, jaribu turubai juu ya mlango wako, lililoinamia mtaroni, na liwe juu kiasi cha kumpisha punda mwenye mzigo.

Muuza Vitambaa, Langoni
Ahsanteni. Fundi, turubai hilo litashikwa na nini bila kuutoboa ukuta wa matumbawe?