Prinsipo mpya yuwaja: hivi hawa wakubwa wa shule huchaguliwa na kufunzwa na nani?

babake_zuu (Kisauni)

Asalaam aleikum wakuu, na wasio wa salamu hiyo habari za jioni. Naomba mnifungue macho. Mwanangu yuko fomu tatu kwenye dei sekondari moja ya pande hizi (shule siitaji, msinichimbe) na mwaka jana wazazi wakanisukuma niwe mwakilishi wao kwa BOM (bodi ya usimamizi wa shule), mie nikakubali nikidhani ni kukaa kikao, kunywa soda na kurudi dukani kwangu. Kumbe.

Prinsipo wetu kahamishwa, mwengine anakuja muhula ujao. Huyu anayeondoka si mtu mbaya wallahi, ni mwalimu wa hesabu wa kutisha, watoto wa shule jirani walikuwa wanakuja Jumamosi kumsikiliza. Lakini siku aliyokabidhiwa shule, mwenyekiti wa bodi alikuwepo na ndiye alonihadithia, aliletewa mkebe wa Blue Band umejaa funguo hazina hata alama, akapewa daftari la stoo limeandikwa magunia 11 ya maharagwe, stoo yenyewe mna manne, naye akatia sahihi, manake yule aliyemtangulia alikuwa ana basi la kuwahi na yeye akaona haya kumhesabia mkubwa wake magunia. Mwaka wa pili wakaja maodita. Yale magunia saba yakawa yake. Halafu wakakuta hela za ukarabati zimelipa wapishi, akaulizwa kwa nini umetoa vothedi (fungu la bajeti) hii ukatia ile bila kikao, akasema wapishi walikuwa washagoma na watoto wana njaa. Jibu la binadamu hilo, ila odita hana pa kuliandika.

Sasa nauliza. Mtu akitoka kuwa mwalimu mzuri darasani akapewa shule nzima, nani huangalia kama anaweza? Anafunzwa wapi na lini? Na akishakaa pale, nani anampima, na sisi wazazi tuna neno lolote au tunaletewa tu kama mzigo wa Kilindini?

mwl_changamwe

Waalaikum salaam. Mimi ni dipti, naibu wa prinsipo, upande wa huku Changamwe, nikueleze ninavyoijua mie. Anayeajiri na kupandisha cheo ni TSC, tume ya walimu, si bodi wala si mheshimiwa wala si kaunti, hilo liko kwenye katiba kifungu cha 237 na sheria yao ya 2012. Nafasi hutangazwa, unaomba mtandaoni, unaitwa intavyuu unaenda na bahasha yako ya vyeti. Tangu 2017 kuna ule mwongozo wa kupanda vyeo, unapanda gredi kwa gredi, prinsipo yuko D3, chifu prinsipo kule juu kabisa D5.

Intavyuu yenyewe sasa. Yangu haikufika nusu saa. Wakatazama vyeti, miaka niliyokaa kwenye gredi, barua za kukaimu, halafu maswali mawili matatu, wanafunzi wakizua fujo utafanyaje. Sasa nani asiyejua kujibu hilo? "Nitaimarisha gaidansi na kaunseling," kwisha habari. Hakuna aliyeniwekea mezani stetimenti ya benki na rejista ya stoo akaniambia mwalimu, hebu tafuta kosa humu. Wangefanya hivyo yule prinsipo wako angejijua mapema kwamba ana la kusoma, na pengine angesoma.

Mafunzo ni KEMI, chuo cha serikali cha usimamizi wa elimu. Kuna diploma ya usimamizi wa elimu, mimi nimeifanya wakati wa likizo na nimeilipa mfukoni. Si mbaya, kuna mambo ya fedha, sheria, ununuzi. Shida ni kwamba wengi huisoma ili cheti kiwe ndani ya bahasha, na wengine wanaifikia wakati tayari washakaa ofisini na makosa washafanya. Na pesa si kidogo jamani. Serikali imeweka 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, shule ya watoto 600 hiyo ni zaidi ya milioni 13 ikija yote (haiji yote, lakini tuseme). Unampa mtu milioni 13 ambaye jana alikuwa anashika chaki.

chokinyeupe

Kwenye kupimwa niacheni niongee mimi 😂

Kuna kitu kinaitwa TPAD, kimekuja 2016. Kila muhula mwalimu anajipima, mkubwa wake anampima, inaingizwa mtandaoni. Prinsipo naye ana kandarasi yake ya utendaji na anapimwa na maofisa wa TSC. Kwenye karatasi ni kitu kizuri sana. Shuleni kwetu (ya zamani, nishahama) kulikuwa na kijana mmoja wa kompyuta ana daftari la paswedi za staffroom nzima. Siku ya mwisho ya muhula anakaa saiba mpaka saa nne usiku anatujazia sote, kila mtu anampa mia moja ya chai, na anajua kabisa kwamba mzee wa Kemia hapendi kupewa chini ya asilimia 80. Kuangaliwa somo tunaandika tarehe tu, hakuna aliyeingia darasani kwangu miaka miwili. Sasa prinsipo anapimwa kwa walimu wangapi wamejaza. Wote wamejaza! Hongera prinsipo!

Mtu akitaka kujua kama shule inaongozwa, aje Jumanne saa moja kasoro kumi bila kupiga simu. Asimame getini. Aingie jikoni. Aombe madaftari matano ya fomu mbili aone yamesahihishwa lini mara ya mwisho. Nusu saa inatosha.

Pia nimesoma kwamba Singapore wanachukua manaibu waliochaguliwa, wanatolewa kazini miezi kadhaa mizima wakasome uongozi chuo chao cha NIE ndo wapewe shule, na wanasoma kwa saa za kazi, hawaibii likizo. Sisi je? Mnakumbuka 2023 sekondari ya chini ilivyoletwa praimari? Hediticha aliyezoea watoto wa darasa la tatu akaamka na walimu wa digrii na maabara ambayo haipo na akaunti mpya ya benki, na ile vita ya nani mkubwa wa nani ikaanza hapo hapo. Nani alifunzwa kabla?

mstaafu_likoni

Wanangu nawasoma. Nimeongoza shule tatu nikastaafu na 60 yangu, na KEMI nilienda enzi bado inaitwa KESI. Mwalimu wa Changamwe, kozi ni nzuri, siipingi, lakini mimi sikufunzwa na kozi. Shule yangu ya kwanza nilikuta basari (mshika hesabu za shule) mmoja mzee wa makamo, kofia ya kito kichwani, miwani imefungwa uzi. Jumatatu yangu ya kwanza akanikalisha, akapanga vitabu vitatu vya cheki juu ya meza, akaniambia "Mwalimu, hii ni ya masomo, hii ya operesheni, hii ya majengo. Hizi tatu haziazimani hata chumvi mpaka bodi ikae na iandikwe kwenye minits." Nikamwona ana kisirani. Miezi sita baadaye nilikuwa nambusu mkono.

Kwa hivyo rai yangu ni kwamba dipti asiwe wa kushika kiboko na kupanga taimtebo peke yake, kama wengi walivyo. Aende benki. Akae kwenye kamati ya tenda. Awe ndiye anayehesabu stoo kila mwisho wa mwezi. Mwaka mmoja wa hivyo, chini ya prinsipo anayejua kazi, unazidi cheti. Na akiwa chini ya prinsipo mwizi? Atajifunza wizi, hilo nalikubali, ndo maana kupima kuwe kwa kweli kama alivyosema chokinyeupe.

Mkabidhiano ndio aibu yetu kubwa. Siku moja! Wakati mwengine saa mbili! Mimi nilisema na nasema tena, anayeingia na anayetoka wakae pamoja wiki mbili angalau, mmoja ameshika daftari na mwengine anahesabu.

Na ule uhamisho wa lazima wa 2018, wa kuwapeleka wakuu kaunti za mbali, ulinikuta. Bibi Likoni, mimi niko milima ambayo sikujua hata salamu zao. Sera yenyewe ikaachwa 2022 baada ya bunge kupiga kelele. Iliniumiza, lakini niseme haki, ilikuwepo sababu. Kuna wenzangu walikuwa washakaa shule moja mpaka shamba la shule na shamba lao halina mpaka. Dawa ilikuwa kumhamisha huyo, si kumhamisha kila mtu.

mama_wa_mikindani

Mimi ntasema ukweli nyie walimu mnanichosha na maodita yenu. Mzazi anataka mini skoo, wastani wa gredi za mtihani. Ile ya jirani ina B sisi tuna C mainasi, prinsipo aondoke. Mbona ngumu?

mwl_changamwe

Mama Mikindani pole pole basi. Ile yenye B walichukua watoto wa alama 380 kwa 500 wakati wa KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza praimari. Sisi tulichukua wa 180, wengine 150, wengine wanalala kwa ndugu, wengine Jumatatu hawana nauli ya matatu. Yule wa 180 akitoka na C mainasi mwalimu amefanya kazi. Yule wa 380 akitoka na B huenda shule imemrudisha nyuma. Ukipima prinsipo kwa mini peke yake, kesho atakuwa anatafuta njia ya kuwahamisha watoto wa D kabla ya kusajili mtihani, na mwanao anaweza kuwa mmoja wao.

mama_wa_mikindani

Haya hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini bado awe anafika shule mapema.

tanga_raha

Jirani zenu wa Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga, hapa. Kwetu chuo cha mambo hayo ni ADEM, kiko Bagamoyo, mkuu wa shule au mratibu wa elimu anaweza kwenda kusoma uongozi na usimamizi pale. Wengi wanaenda wakiwa tayari wakuu, kama nyinyi tu. Uingereza nao walilazimisha cheti cha ukuu wa shule 2009 halafu 2012 wakaondoa ulazima. Kwa hiyo msione mko peke yenu, kila mtu anahangaika.

mstaafu_likoni

Babake Zuu hujajibiwa la wazazi. Kwa sheria ya elimu ya 2013 bodi haichagui prinsipo, na msijaribu, mkianza kusema tunataka wetu wa Pwani au wa dini yetu mtagombana wenyewe kwa wenyewe kabla mtu hajafika. Nimeona geti likifungwa na wazee kwa sababu ya jina la mtu, akarudishwa, shule ikakaa na kaimu mwaka mzima. Watoto ndio walioumia. Lakini bodi ndiyo yenye mali ya shule mkononi, na prinsipo ni katibu wenu, si bwana wenu. Mnaweza kuandika barua kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti: shule yetu ina deni kadhaa, odita kasema hivi, tunahitaji mtu aliyewahi kushika hesabu. Msitaje jina, tajeni kazi. Watasikia au hawatasikia, lakini iko kwenye faili. Na siku ya kukabidhiana bodi iwepo, wewe uwepo, na mhesabu.

babake_zuu (Kisauni)

Shukran sana wazee wangu, nimesoma yote mara mbili. Nimempigia mwenyekiti, barua tunaandika kesho baada ya Isha kwake, na makabidhiano tumeomba yawe siku tatu, wiki mbili amesema tusiote. Yule anayeondoka nilipomwambia tutahesabu kila kitu kuanzia viti hadi sufuria nilidhani atakasirika, akacheka, akasema "ningefanyiwa mimi hivyo."

Leo nilikuwa Marikiti nikanunua vile vibandiko vya funguo vya plastiki, 40 hivi. Dipti kaniambia tuanze na stoo. Kuna funguo 9 mpaka sasa hatujui ni za mlango gani.

chokinyeupe

Moja itakuwa ya maabara ambayo haijajengwa 😂