Watoto wawili wanalala barazani, soko la Kenya, Lubumbashi: tuanzie wapi?

Mama_Kamalondo
Jambo wote. Karibu na soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kuna ndugu wawili wavulana, mkubwa kama miaka 11, mdogo 7 hivi. Wanalala kwenye baraza la duka, na mkubwa ananusa gundi. Walifika kwa treni kutoka upande wa Mwene-Ditu. Nyumbani tumekubaliana kuwapokea. Tuwachukue leo leo?

Asistan_Katuba
Mama, msiwachukue leo. Kukaa na mtoto wa watu bila karatasi kunaweza kuwaletea kesi ya wizi wa mtoto, hata kama nia ni safi. Nendeni kwanza Divas (ofisi ya serikali ya mambo ya jamii), asistan sosiale (afisa ustawi wa jamii) afungue dosie, yaani faili. Sheria ya ulinzi wa mtoto, 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inaruhusu mtoto awekwe kwa mtu wa kuaminika au kwenye kituo kilichoidhinishwa.

Dosie ikiwa inatembea, mtu mmoja awe anapita pale barazani kila mara saa ile ile. Apeleke chakula, si pesa. Pesa wakubwa wataipokonya usiku kwa kipigo. Asianze na "baba yako nani?" maana atapewa jina la uongo, na litaandikwa. Aulize shule, kanisa, walipandia treni wapi. Kwa njia hiyo bibi yao hupatikana. Na tafadhali, hao ndugu wasitenganishwe hata usiku mmoja. Wasalesiani (watawa Wakatoliki) wana nyumba ya watoto wa barabarani, Bakanja-Ville. Ulizeni kama wanapokea wa miaka 7.

Papa_Rwashi
Muchunguze pia kama walifukuzwa kwa kuitwa ndoki, yaani wachawi. Mara nyingi kuna kifo au kazi iliyopotea, na mtoto akabebeshwa lawama, hasa penye mama wa kambo. Kifungu 160 cha sheria hiyo kinatoa mwaka 1 hadi 3 jela kwa anayemsingizia mtoto uchawi, lakini mkianza na jela familia itafunga mdomo. Ziara ya kwanza kwa familia iende bila watoto. Pasta akitaka kuwafungisha kula ili "wafunguliwe" uchawi, wasirudi huko.

Mama_Kamalondo
Asanteni. Na gundi?

Asistan_Katuba
Siku za kwanza tarajieni kichwa kuuma, hasira, kukosa usingizi. Msimfungie ndani, atavunja mlango na hatawaamini tena. Mpeni chakula kidogo kidogo mara nyingi, na jioni awe na kazi ya mikono, kwa sababu hamu hupanda giza likiingia. Akikohoa, hospitali.

Ulizeni Divas pia habari ya cheti cha kuzaliwa: zikipita siku 90 bila kuandikishwa, inabidi hukumu ya mahakama, na bila hicho shule itasumbua.